Trekta Halizeeki Maini

Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini. Methali hii ni ya kale kuliko trekta, lakini ukishuka kutoka Moshi mjini kuelekea Mabogini, Kahe au Himo mwezi wa tatu, mvua za masika zikiwa zinanukia, utadhani ilitungwa kwa ajili ya vyuma. Utayakuta matrekta yaliyopauka rangi, viti vimetandikwa magunia, taa zimeng'oka zamani, lakini yanavuta majembe ya diski kwenye udongo mgumu kama hayana habari. Massey Ferguson 135. Massey Ferguson 165. Ford 5000. Ni vyuma vilivyoundwa wakati babu zetu wangali vijana wa kuvaa suruali za bwanga. Kisha geuza shingo, utazame pembeni ya maghala na nyuma ya ofisi katika sehemu nyingi za nchi hii: kuna matrekta yaliyozaliwa juzi tu, yamekalia magurudumu yasiyo na upepo, nyasi zimepanda hadi kwenye usukani.

Kulikoni, msomaji? Kwa nini kikongwe kinalima na kijana kinaoza?

Sisi wa mjini tunaweza kudhani hilo ni swali la mafundi, lakini ni swali la chakula. Mkulima wa tambarare ya Moshi ana wiki chache tu za kulima na kupanda. Trekta likimfia shambani wiki ya kwanza ya mvua, akakaa siku kumi akingoja kipuri, mahindi yake yatachelewa, na mahindi yakichelewa kule chini jua huyakuta yakiwa bado yanabeba. Hapo hapatakuwa na unga nyumbani, hapatakuwa na ada ya shule. Kwa hiyo tunapouliza trekta gani linaaminika, tunauliza watu watakula nini.

Jibu langu nalitoa mapema, halafu historia itanisaidia kulitetea. Uaminifu wa trekta haukai kwenye chuma peke yake. Unakaa kwa watu wanaolizunguka: nani anaweza kulifungua, kipuri kinapatikana wapi, na ni wangapi wanalijua kwa jina. Trekta ambalo halina fundi ni sanamu tu.

MLIMA HAULIMWI KWA TREKTA

Kwanza tuelewane kuhusu mahali penyewe. Wageni wakisikia Kilimanjaro na kilimo, wanafikiri matrekta yanapanda mlimani. Hayapandi, bwana. Kule juu, Marangu, Kibosho, Machame, Rombo, mtu analima kihamba: migomba, kahawa, maharage na magimbi chini ya miti, vyote katika kipande kidogo cha mteremko, maji yakiletwa na mifongo iliyochimbwa na mababu. Kihamba ni cha jembe la mkono na panga. Trekta likiingia humo litaangusha migomba na kumwangukia dereva.

Trekta ni la chini. Familia nyingi za mlimani zina kihamba juu na shamba tambarare, ambako hupandwa mahindi, maharage na alizeti. Watu hushuka kwenda kupalilia na kuvuna, wakapanda tena na mahindi, na hata mabua yake, kwa sababu ng'ombe wa mlimani amefungwa bandani na lazima aletewe chakula.

Miaka ilivyokwenda, shamba la chini lilizidi kuwa muhimu. Vihamba viligawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, mpaka vikawa kama viganja. Kahawa nayo ilianguka: mwezi Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukilinda bei yake ulivunjika, na wakulima wengi waliona hesabu za kahawa haziendi tena. Mahindi ya tambarare yakabeba mzigo, na nyuma ya mahindi hayo lilikuwapo trekta la kukodi, linalolipwa kwa ekari.

NGANO, WALOWEZI NA ARDHI

Trekta halikuja Kaskazini kwa ajili ya mkulima huyu. Lilikuja kwa ajili ya mashamba makubwa. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, wakati wa Wajerumani, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ikaunganishwa na Voi, hivyo mizigo ya Mombasa nayo ikapata njia. Mashine nzito zilipata pa kupita. Miaka ya 1930 Wadenishi wa kampuni ya A. P. Møller walianzisha shamba la miwa la TPC huko Arusha Chini, kusini mwa mji wa Moshi, ambalo mpaka leo linatoa sukari. Vita vya Pili vilipokuja, nafaka ikawa haba, na serikali ya kikoloni ikalimisha ngano kwa mashine katika Jimbo la Kaskazini, ikiwa ni pamoja na uwanda wa Ardai, karibu na Monduli. Baada ya vita walowezi walitawanyika na ngano yao upande wa magharibi wa Kilimanjaro, hadi Ol Molog.

Hapa ndipo historia ya trekta inapokuwa chungu. Mashine ya kulima ekari mia inahitaji ekari mia, na ekari mia huwa zina wenyewe. Serikali ilitaka eneo la kati ya Kilimanjaro na Meru, lililoitwa ukanda wa Sanya, liwe la wafugaji na wakulima wa Kizungu. Mwezi Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 wa Engare Nanyuki walihamishwa kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuwasilisha malalamiko yao. Kesi ile iliwaamsha wengi katika siasa za uhuru. Sisemi trekta ndilo lililochoma nyumba. Nasema kilimo cha mashine kilipoingia, swali la kwanza halikuwa la injini. Lilikuwa la ardhi ya nani.

KARANGA NA VIFARU

Wakati huohuo, kusini na katikati ya Tanganyika, Waingereza walikuwa wanatoa somo jingine, tena kwa gharama kubwa. Uingereza baada ya vita ilikosa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ukabuniwa mpango wa kulima karanga kwa mashine Kongwa, Urambo na Nachingwea, zaidi ya ekari milioni tatu. Wakaguzi waliizunguka nchi kwa wiki chache, sehemu kubwa wakitazama kutoka angani, wakaandika kwamba inawezekana.

Matrekta mapya hayakupatikana, kwa sababu dunia nzima ilikuwa inayagombania. Yakanunuliwa mabaki ya jeshi la Marekani, mengine kutoka Ufilipino, yakiwa yamelala kwenye mvua na chumvi. Kampuni ya Vickers ikachukua vifaru vya Sherman, ikaving'oa mizinga, ikavigeuza kuwa matrekta na kuyabatiza jina la Shervick. Hebu fikiria: kifaru kilichoundwa kuwapiga Wajerumani kinaletwa Dodoma kupigana na mbuyu!

Mbuyu ulishinda. Mizizi ilivunja vyuma. Udongo wa Kongwa, wenye mchanga unaosaga, ulikula majembe, na mvua ikikatika uliganda kama tofali hata karanga zenyewe hazichimbiki. Vipuri vilikuwa ng'ambo, mafundi walikuwa wachache, na madereva wengi walifundishwa kwa haraka. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ilikubali yaishe, hasara ikiwa kama pauni milioni 36.

Tangu hapo watu wamesema ubaya ulikuwa ni wa hali ya hewa, au wa udongo, au wa mabwana mipango wa London. Yote ni kweli. Lakini ukitazama kwa jicho la gereji utaona na hili: zililetwa mashine za kila aina, kutoka kila pembe ya dunia, kabla hajaandaliwa mtu wa kuzitengeneza. Mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1950 Moshi ilipata shule yake ya ufundi, ile watu wanayoiita Moshi Ufundi. Ingekuwa heri kama shule kama hizo zingekuja kwanza na vifaru baadaye.

DOGO LA KIJIVU

Sasa njoo tumwone mshindi. Naye alikuwa mdogo.

Harry Ferguson alikuwa mtoto wa mkulima wa Ireland ya Kaskazini. Aliona ubaya mmoja mkubwa wa matrekta ya wakati wake, hasa Fordson, lililotoka mwaka 1917. Lilivuta plau kama punda anavyovuta mkokoteni, kwa ndoano ya nyuma. Plau likigonga jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma yakiendelea kuzunguka, pua ya trekta ilinyanyuka na trekta zima likapinduka kumwangukia dereva. Wengi walikufa hivyo.

Ferguson alifunga plau kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, akaiunganisha na haidroliki. Plau likizidiwa na udongo, mkono wa juu husukuma valvu, na haidroliki hulinyanyua kidogo lenyewe. Tena uzito wa plau na wa udongo unahamia kwenye magurudumu ya nyuma, kwa hiyo trekta jepesi linapata mshiko kama zito, na pua inabaki chini. Leo karibu kila trekta duniani lina mikono hiyo mitatu. Ukiliona trekta lolote limenyanyua jembe la diski barabarani, unaiona kazi ya mzee huyo.

Kuanzia 1946 hadi 1956 trekta lake la TE20, dogo, la kijivu, lilitengenezwa Coventry, katika kiwanda cha Banner Lane ambacho wakati wa vita kilikuwa kinaunda injini za ndege. Yalitoka zaidi ya 500,000. Sir Edmund Hillary, yuleyule wa Everest, aliyafunga minyororo akafika nayo Ncha ya Kusini tarehe 4 Januari 1958. Ferguson alikuwa ameshaiuza kampuni yake kwa Massey-Harris ya Kanada mwaka 1953, na baadaye jina likawa Massey Ferguson. Rangi ikageuka kuwa nyekundu. Mwaka 1964 likaja namba 135, na pamoja nalo kaka yake, 165.

Hili 135 ndilo la kutazama. Injini ya dizeli ya Perkins, mitungi mitatu, lita 2.5, nguvu za farasi kama 45. Si kubwa. Lakini limejengwa kwa namna ambayo fundi hupenda. Mitungi yake ina slivu zinazong'olewa: zikilika, unaweka mpya pamoja na pistoni na ringi, na injini inarudi ujana. Halina fremu, injini na gia ndio uti wa mgongo wake. Klachi ikiisha unaweka magogo chini, unafungua bolti, unalitenga vipande viwili, kazi inafanyika chini ya mwembe. Dizeli hiyo ikishawaka haidai betri wala waya. Betri imekufa? Liegeshe mteremkoni jioni, asubuhi liachie litambae, weka gia, litaitika. Na mteremko, Kilimanjaro, ni kitu ambacho hatujawahi kukosa.

MIAKA YA MPAKA KUFUNGWA

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, trekta lilikuwa picha ya maendeleo. Mpango wa kwanza wa miaka mitano, ulioanza 1964, ulianzisha makazi mapya ya kilimo yenye mashine na wataalamu, lakini gharama zilizidi mavuno, na mwaka 1966 serikali ikaacha kuyaongeza. Azimio la Arusha la 1967 likasema waziwazi kwamba nchi maskini haiwezi kutegemea fedha kuwa msingi wa maendeleo, na Mwalimu Nyerere akawa anasisitiza kuwa jembe la mkono lifuatwe kwanza na plau la ng'ombe, si kuruka moja kwa moja kwenye trekta. Wengi walimcheka kijiweni. Mwalimu hakulichukia trekta. Alikuwa anauliza swali la fundi.

Mwezi Oktoba 1973 mashamba ya kahawa ya walowezi mkoani Kilimanjaro yalitaifishwa. Mashamba ya ngano ya magharibi mwa mlima yakawa chini ya shirika la umma la NAFCO. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, hata KNCU ya tangu 1933, ambayo ilirudishwa mwaka 1984. Matrekta yakabadilisha wenyewe mara nyingi katika miaka michache, na kila kilichobadilishwa mwenyewe kilipoteza kumbukumbu: nani alibadili mafuta, lini, sili ipi ilikuwa inavuja.

Halafu yakaja mapigo mfululizo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa Novemba 1983. Kwa mtu wa Moshi hilo lilikuwa kama kufungiwa mlango wa jikoni, maana Taveta ni pua na mdomo na Himo, na Nairobi ndiko duka kubwa la spea lilikokuwa. Mwaka 1978 na 1979 tukapigana vita vya Kagera. Mafuta yakapanda bei duniani. Fedha za kigeni zikakauka. Mtu mwenye trekta zima lililokosa nozeli moja tu alikuwa sawa na mtu asiye na trekta.

Msomaji ambaye hukuwapo, waulize wazazi wako kuhusu foleni za sabuni na sukari. Vipuri navyo vilikuwa vya njia za panya, magendo kupitia vichochoro vya mpakani, na mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi ulipopita, hata njia hizo zikawa za hofu. Ndipo mafundi wa mtaani walipozaliwa upya. Trekta lililokufa liliitwa mchangiaji: linavuliwa gia ziende kwa jirani, pampu iende kwa mwingine, mpaka linabaki mifupa. Bushi zikachongwa kwenye mashine za kukereza. Gasketi zikakatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ngumu. Nani aliwafundisha? Dhiki, na mabwana wachache waliopita shule za ufundi, na utingo aliyekuwa anashika tochi usiku akitazama.

Na unadhani mchangiaji alipatikana wa aina gani? Wa aina iliyokuwapo kwa wingi. Ukiwa na Massey Ferguson, jirani alikuwa na mzoga wa Massey Ferguson. Ukiwa na trekta la ajabu lililokuja peke yake kwa msaada wa nchi fulani, ulikuwa nalo na Mungu wako.

KWA NINI HILI, SI LILE

Hebu tulinganishe. Miaka ya 1980 tulijaribu kuunganisha matrekta yetu wenyewe: Kibaha kulikuwa na TRAMA, iliyounganisha Valmet za Finland. Valmet halikuwa trekta baya. Wafini hawachezi na chuma. Lakini fedha ya kuagiza sehemu zake ilikuwa ileile iliyokauka, na kiwanda hakikudumu. Mwaka 2009 ikaja Kilimo Kwanza, na baada yake matrekta ya India, Farmtrac na New Holland, yakauzwa na SUMA JKT kwa mkopo. Kuanzia 2017 yakaunganishwa Kibaha matrekta ya URSUS ya Poland. Wakulima wakalalamika hadharani juu ya ubora na vipuri, na kampuni yenyewe huko Poland ikaingia katika matatizo makubwa ya fedha. Kila wimbi lilikuja na sherehe, utepe na hotuba. Ni wimbi lipi lilikuja na mafundi kumi kwa kila wilaya na duka la spea kila mji mdogo?

Sasa rudi kwa 135. Kiwanda cha Coventry chenyewe kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ungetegemea trekta life na mama yake. Halikufa, kwa sababu mapema sana watoto walikuwa wamesambaa. Mwaka 1960 kampuni ya TAFE ilianzishwa Madras, mji ambao leo ni Chennai, kutengeneza Massey Ferguson kwa leseni. Na India hiyohiyo kampuni ya Simpson ikawa inatengeneza injini za Perkins. Lahore, Pakistan, kampuni ya Millat ikafuata njia hiyo mwaka 1964. Kwa hiyo pistoni ya injini iliyochorwa Uingereza zamani zile imeendelea kutengenezwa Asia, ikapanda meli, ikashuka Mombasa au Dar es Salaam, ikawekwa rafuni Moshi. Biashara ilipolegezwa kuanzia 1984, na zaidi enzi za ruksa za Mzee Mwinyi, hata matrekta yenyewe yaliyotumika Uingereza yakaanza kuja, kama mitumba mingine.

Ndiyo maana nasema uaminifu ni ukoo. Trekta lina baba, lina binamu India, lina shemeji Pakistan, lina wajomba wenye mikono myeusi kwa grisi kwenye gereji za Moshi, Himo na Boma Ng'ombe. Likiugua, ukoo unaitwa. Trekta lisilo na ukoo likiugua, linazikwa.

TUSILISIFIE MNO

Lakini tusiwe kama watu wa msibani ambao hawasemi kosa la marehemu. Kikongwe hiki kina madhambi yake. Hakina fremu ya kumlinda dereva. Likipinduka, ni dereva na Mungu wake. Ferguson alitibu hatari ya plau, lakini mtu akifunga mnyororo juu ya ekseli kuvuta gogo, amerudisha ile hatari ya Fordson kama ilivyokuwa, na pua itanyanyuka. Shafti ya nyuma inayozungusha mashine ya kupukuchua ikikosa kifuniko, hukamata kanga au shati na haisikii kelele. Watoto hupandishwa kwenye madigadi kama daladala. Haya yote yanazuilika kwa bei ya kifuniko, na kwa dereva kusema hapana.

Na kuna udongo. Jembe la diski likipita kila mwaka kwa kina kilekile, huacha chini yake tabaka gumu kama sakafu. Mizizi haishuki, maji hayazami, mvua kubwa ikija inachukua udongo na kuupeleka mtoni. Trekta linaloaminika linaweza kuharibu shamba kwa uaminifu mkubwa. Lipite tindo la kupasua tabaka hilo, kina kibadilishwe, na pale penye mteremko lilime kwa kukata mteremko, lisishuke nao.

MALI BILA DAFTARI

Sasa wewe mwandishi kijana, unayetafuta cha kuandika, unayedhani historia iko Dar es Salaam kwenye makabati ya Nyaraka za Taifa. Iko huko, ndiyo. Lakini iko pia kwenye dashibodi ya trekta la kukodi. Pale karibu na usukani wa 135 kuna kibamba kidogo chenye namba. Kifute vumbi, uiandike. Namba hiyo inakuambia trekta lilitoka kiwandani mwaka gani. Kisha muulize mwenyewe amelipata kwa nani, na huyo alilipata kwa nani. Taratibu utajikuta umepita shamba la mlowezi, tarehe ya kutaifisha, kijiji, mnada, mkopo wa benki, mirathi iliyogombaniwa. Ekari ngapi limelima, nani alikula mahindi yale, mtoto gani alisomeshwa nayo. Hiyo ni riwaya tayari, na hukulazimika kubuni kitu.

Halafu nenda kwa fundi. Siyo kumwuliza maswali ya wakubwa; kaa naye, mshikie tochi. Anajua sauti ya beringi inayokufa siku tatu kabla haijafa. Anajua spea ipi ni feki kwa kuipima kwa kiganja. Elimu hii hakuna kitabu chake cha Kiswahili cha kutosha, na wengi wanaoijua wamezeeka. Mali bila daftari huisha bila habari, na mali kubwa kuliko matrekta yote yaliyowahi kufungwa utepe ni vichwa vya mafundi hawa. Siku fundi wa mwisho wa 135 atakapozikwa na kile anachokijua, siku hiyo 135 litakuwa limezeeka kweli, hata kama chuma bado kizima.

Na safari nyingine litakapotangazwa wimbi jipya la matrekta, mapya, yenye rangi za kung'aa, watu wa magazeti watauliza yana nguvu za farasi ngapi na ni mangapi. Wewe inyooshe kalamu yako uulize maswali mengine. Spea zake ziko wapi? Nani amefundishwa kuyafungua? Yakifika miaka kumi, nani atakuwa bado anayatengenezea pistoni? Kama wenye sherehe hawana majibu, andika hivyo, na uandike kwa Kiswahili, mkulima wa Kahe asome kabla hajatia sahihi ya mkopo.